MCHORAJI WA SARAFU ZETU ZA KWANZA

Wale tuliokuwa watoto miaka ya 1970 hatujaisahau ile sumni ambayo mama aliifunga katika pindo la khanga, ili tuitie katika mfuko wa sadaka. Upande mmoja alikuwapo Mwalimu Nyerere, na upande wa pili sungura. Sungura yule tulimjua sote, bali aliyemchora hatukumjua. Jina lake ni Christopher Ironside.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1913. Ndugu yake, Robin, alikuwa mchoraji pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Christopher alitumika katika idara iliyoshughulika na kuficha majengo yasitambulikane na ndege za adui. Baadaye alifundisha sanaa katika Royal College of Art, London, na kubuni medali na sarafu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Uingereza ilikusudia kubadili fedha zake, ili pauni moja iwe na peni 100 badala ya 240. Wachoraji waliitwa kwa siri, na michoro ya Ironside ikakubaliwa. Lakini mwaka 1966, jambo hilo lilipotangazwa, iliamuliwa kwamba mashindano yafanywe upya mbele ya watu wote. Kazi iliyokwisha kupokelewa ikawekwa kando. Wachoraji zaidi ya 80 wakaleta michoro yao. Ironside hakususa. Aliketi tena mezani, akaanza upya, naye akashinda mara ya pili. Fedha mpya zilianza rasmi tarehe 15 Februari 1971, na mwaka huo huo alitunukiwa nishani ya OBE. Michoro yake iliendelea kupigwa mpaka mwaka 2008, ilipotolewa mingine.

Mwaka ule ule wa 1966, mwezi wa Juni, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, nasi tukapata fedha zetu wenyewe badala ya zile za Afrika ya Mashariki. Ironside ndiye aliyebuni sarafu hizo za kwanza: sulisuli katika ndururu ya senti 5, mbuni katika senti 20, sungura katika sumni, na Mwenge wa Uhuru katika shilingi. Alifariki mwaka 1992. Siku hizi senti zile hazionekani sokoni. Labda utaikuta moja katika kopo la bibi.

Kwa nini tumemwandika katika gazeti la mtaa wetu? Kwa sababu wako miongoni mwetu walioshona vitambaa vya madhabahu, au waliofundisha wimbo kwa miezi, kisha kamati ikaamua vingine. Wengine walikasirika, na mpaka leo viti vyao kanisani vi vitupu. Uchungu wao tunauelewa, na pengine sisi tuliokaa katika kamati hatukusema nao kwa upole. Hata hivyo, kipawa alichopewa Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, kilitoka kwa Mungu, wala uamuzi wa kamati hauwezi kukiondoa.

Basi, ndugu uliyeweka sindano chini, ishike tena. Nasi wa kamati, Jumapili hii tuanze kwa kubisha hodi nyumbani kwako.