Paul Ehrlich na Dawa Isiyotaka Kuyeyuka

Tangu zamani watu walichemsha chumvi huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, chini ya milima yetu ya Ufipa. Chumvi ukiitia majini huyeyuka, huioni tena. Lakini mchanga hutuama chini. Dawa nazo ni vivyo hivyo: nyingine huyeyuka, nyingine hukataa. Na dawa ya sindano isipoyeyuka vema, yaweza kumdhuru mgonjwa. Jambo hili lilimtaabisha mganga mmoja mkuu, jina lake Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa mwaka 1854 katika mji wa Strehlen, uliokuwa wa Ujerumani, na leo ni wa Poland. Katika ujana wake aliona ya kuwa rangi nyingine hushika vijidudu vya maradhi. Akawaza kutafuta dawa itakayoua vijidudu bila kumwua mgonjwa.

Mwaka 1906 Mjerumani mwenziwe, Robert Koch, alifika visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, akawatibu wagonjwa wa malale kwa Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Wengi walipata nafuu, lakini baadhi yao wakapofuka. Ehrlich na wenzake wakafanya kazi ya kuibadili dawa hiyo, sehemu baada ya sehemu. Dawa ya 606 ilitengenezwa na Alfred Bertheim. Na mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata akaijaribu, akaona yaua vijidudu vya kaswende. Mwaka 1910 ikauzwa kwa jina la Salvarsan.

Sifa zake zikaenea, lakini waganga walipata taabu. Unga ule wa manjano uliyeyuka kwa shida, na maji yake yalikuwa makali. Ikabidi kuyatia magadi makali, tone kwa tone, mpaka yatakate. Mganga akikosea, mgonjwa huumia.

Ehrlich hakuridhika na sifa, akarudi kazini. Dawa ile ikaungwa na sehemu nyingine ipatanayo na maji, na mwaka 1912 ikatoka Neosalvarsan, namba 914. Nguvu zake zilipungua kidogo, lakini iliyeyuka upesi katika maji safi, hata mganga aliye mbali na mji aliweza kuitayarisha. Ikatumika pia kuponya buba, ugonjwa uliowatesa watoto wengi wa Afrika. Katika miaka ya 1940 penisilini ilianza kuchukua mahali pake.

Ehrlich alifariki mwaka 1915. Basi, wanafunzi, kumbukeni ya kuwa kazi haijaisha ipatapo sifa. Huisha imfaapo mwenye shida.