Askofu Frank Weston na Neno la Bwana juu ya Mkate

Mtu ashukaye kutoka Lushoto mpaka Mombo, kisha akaifuata njia ya reli kuelekea Tanga, hufika Muheza kabla hajaiona bahari. Hapo karibu, katika nchi ya Bonde chini ya milima yetu, iko Magila, kituo cha kale cha misioni ya Waingereza iliyoitwa Misioni ya Vyuo Vikuu. Wakristo wa huko na Wakristo wetu wa milimani ni jirani, tena wameoana, nao huulizana mambo ya imani kwenye arusi na kwenye matanga. Walimu wetu wametuletea swali moja mara nyingi, nalo ni hili: Bwana wetu aliposema juu ya mkate kwamba ni mwili wake, je, alisema neno lenyewe, au alisema kwa mfano? Na ikiwa Wakatoliki hushika neno lenyewe hapo, mbona hawafanyi vivyo hivyo aliposema kwamba yeye ni mlango, au ni mzabibu?

Tumeona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyelishindania jambo hilo maisha yake yote, naye akafia huko huko Magila. Hakuwa wa Kanisa la Roma, bali wa Kanisa la Uingereza. Lakini alijiita Mkatoliki bila haya, na katika mambo ya sakramenti alifundisha karibu sawasawa na Waroma.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Oxford, na mwaka wa 1893 alishinda katika mtihani wa elimu ya Mungu kwa daraja ya kwanza. Angaliweza kukaa huko na vitabu vyake, lakini alikwenda kuwatumikia watu maskini wa London ya mashariki, na mwaka wa 1898 akaja Unguja. Alifundisha vijana, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani tangu mwaka wa 1901, na mwaka wa 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake haikuwa kisiwa tu. Ilifika bara, hata Magila. Kwa hiyo alikuwa raia wa Mwingereza mwenye kundi kubwa katika nchi ya Wajerumani, na jambo hilo lilikuja kuwapata watu wake kwa uchungu.

Turudi kwa swali la walimu. Kanisa Katoliki halikufundisha kamwe kwamba kila neno la Biblia lichukuliwe vilevile kama lilivyoandikwa. Augustino, askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka wa 430, alitoa kanuni ya kwamba neno ambalo likishikwa lenyewe halipatani na mwenendo mwema wala na imani ya kweli, hilo ni fumbo. Naye alitia katika mafumbo hata lile agizo la Injili ya Yohana, sura ya sita, la kuula mwili wa Mwana wa Adamu na kuinywa damu yake. Baadaye Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba maana nyingine zote za Maandiko zajengwa juu ya ile maana ya maneno yenyewe, kama nyumba juu ya msingi. Mlango na mzabibu, basi, ni mfano kwa Wakatoliki kama ilivyo kwetu. Lakini neno lililonenwa usiku ule wa kusalitiwa, Bwana akiwa na mkate mkononi, wao husema ni neno lenyewe, maana ndivyo Kanisa lilivyolipokea tangu mwanzo. Mtaguso wa Trento ulithibitisha mwaka wa 1551 kwamba mkate wageuka katika asili yake, usibaki mkate ila kwa sura na ladha.

Msomaji asifikiri kwamba sisi Walutheri tuko upande wa pili kabisa. Mwaka wa 1529 Martin Luther alikutana na Zwingli huko Marburg, naye akaandika neno hilo la Bwana kwa chaki juu ya meza, ili asiondolewe hapo. Zwingli alisema kwamba hiyo “ni” maana yake ni kuwa ishara. Luther alikataa, alishika “ni” kuwa “ni”. Wakaagana bila kupatana. Hatuufuati Mtaguso wa Trento, kwa kuwa twaamini mkate wabaki mkate na mwili wa Bwana wapokewa pamoja nao, wala hatutaki kueleza jinsi iwavyo. Ila mwalimu yeyote wa kwetu akiwaambia watoto wa kipaimara kwamba huo ni ukumbusho tu, amefundisha mafundisho ya Zwingli, wala hakufundisha Katekisimo yetu. Tumekwisha kusikia hayo kwa masikio yetu, na si mara moja.

Weston aliwekwa katika vita ya namna hii mwaka wa 1913. Mwezi wa Juni mwaka huo misioni mbalimbali za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu, katika nchi ya Kenya, ili zifanye shirikisho. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu yasiyo na maaskofu wakapokea. Askofu Willis wa Uganda alikuwa mmoja wa viongozi wa mkutano. Weston aliposikia aliwashitaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wameeneza uzushi na mafarakano. Habari hiyo ilijaza magazeti ya Uingereza hata vita kuu ilipoanza.

Wengi humkumbuka kwa hayo tu, nao humwona kuwa mtu mgumu. Lakini barua yake ya mwaka ule ilikuwa na shitaka lingine, nasi twalihesabu kuwa kubwa zaidi. Mwaka wa 1912 wataalamu wa Oxford walikuwa wametoa kitabu, na mmoja wao, Streeter, aliandika kwamba kufufuka kwa Bwana hakukulazimu ule mwili uliozikwa utoke kaburini. Yawezekana wanafunzi walipewa maono na Mungu. Hapo Weston aliona kwamba mfano umevuka mpaka wake. Yeye aliishi Unguja, kati ya Waislamu, wanaokana kwamba Isa alisulibiwa. Mwafrika aliyeacha jamaa zake akabatizwa kwa ajili ya kaburi tupu, ataambiwa nini akijua kwamba makasisi wa Ulaya wamelifanya kaburi hilo kuwa fumbo? Mwaka wa 1915 Askofu Mkuu alitoa jibu juu ya Kikuyu, asiwahukumu maaskofu wale kuwa wazushi. Na Askofu wa Hereford alipompa Streeter cheo katika kanisa lake kuu, Weston alitangaza kwamba hana ushirika tena na askofu huyo. Hapo twaona alizidi kiasi. Lakini juu ya kaburi tupu twasimama pamoja naye.

Wakati huo vita ilikuwa imefika kwetu. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza wa Magila, na mapadre na walimu Waafrika wa misioni ile walipata kifungo, mapigo na njaa, wengine hata Tabora. Mwaka wa 1916 Weston mwenyewe alikusanya wapagazi wa Unguja, akafanywa meja, akaenda nao kwa miguu, akila na kulala pamoja nao ili wasiteswe. Mwaka huo huo Waingereza waliingia Usambara. Baadaye wamisionari wetu wa Betheli waliondolewa, na makundi ya milimani yakabaki mikononi mwa walimu wenyeji.

Mwaka wa 1918 Weston alitoa barua kwa Jenerali Smuts, akieleza jinsi Wajerumani walivyowatendea Waafrika, ili nchi isirudishwe kwao. Barua hiyo ni neno gumu kwetu tuliobatizwa na Wajerumani. Habari za kiboko hatuwezi kuzikana. Wazee wetu walikijua. Lakini alipima taifa zima kwa mzani mmoja, na miongoni mwa taifa hilo walikuwamo watu waliokuja Mlalo mwaka wa 1891 bila bunduki wala shamba la mkonge, wakajifunza Kishambala.

Hata hivyo, mtu asimhukumu kabla hajasoma barua ya pili. Mwaka wa 1919 serikali ya Kiingereza ya Kenya iliagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na kila mtu alijua himizo la namna hiyo ni nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, yaani Willis yule yule, pamoja na mkuu wa misioni ya Waskoti, walionya juu ya hatari zake, lakini walikubali kazi ya lazima ikiwa italindwa kwa sheria. Weston alikataa kabisa. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu kidogo kuwashitaki Waingereza wenzake, akakiita mfuatano wa kile alichoandika juu ya Wajerumani. Mzani ulikuwa ule ule.

Kwa nini alikataa? Kwa sababu Bwana alisema, katika Injili ya Mathayo, sura ya ishirini na tano, kwamba atendewalo mmoja wa wadogo hawa ametendewa yeye. Weston aliliona neno hilo kuwa sawa na neno la mkate: si mfano. Mwaka wa 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana Wakatoliki huko London, watu waliopenda sana kuuinamia mkate uliobarikiwa na kuwekwa kanisani. Desturi hiyo yeye aliitetea. Sisi hatunayo, kwa kuwa Bwana alitoa mkate uliwe. Lakini aliwaambia kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni ikiwa hawamhurumii katika wenye njaa na wasio na nguo katika miji yao, na kwamba watoke kanisani wamtafute humo. Hotuba hiyo haijasahauliwa katika Kanisa lake mpaka leo.

Alirudi Afrika, akaendelea kuzunguka vituo vyake kwa miguu kama zamani. Mwaka uliofuata alishikwa na jipu, na sumu ikaingia katika damu. Alifariki Hegongo, huko Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wote, akiwa na umri wa miaka 53.