Josephine Cochrane: mjane aliyeunda mashine ya kuosha vyombo

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lushoto maji ya bomba huuma vidole. Anayelijua hilo zaidi ni yule anayeachiwa vyombo baada ya chakula cha jioni: sufuria la makande lililoshika chini, sahani zenye mafuta yaliyoganda na vikombe vya chai. Maji baridi hayaondoi mafuta vizuri, na ya moto yanadai kuni. Mara nyingi anayeachiwa kazi hiyo ni mama au binti.

Baadhi ya mabinti wa milima ya Usambara sasa wanaishi kwenye fleti Tanga au Dar es Salaam, na wapo wanaofikiria kuongeza mashine ya kuosha vyombo jikoni. Huku nyumbani wazazi wanajiuliza: mashine inaoshaje sahani bila kuivunja? Na je, inafaa kweli? Tukitazama maisha ya mwanamke aliyeifanikisha mashine hiyo, maswali yote mawili yanapata majibu.

Josephine Garis alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Ohio, Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi, kwa hiyo mambo ya mitambo na nguvu ya maji hayakuwa mageni kwao. Yeye mwenyewe hakusomea uhandisi. Mwaka 1858 aliolewa na mfanyabiashara William Cochran, wakaishi katika mji mdogo wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Baadaye mama huyo aliongeza herufi moja mwishoni mwa jina la mumewe, akajulikana kama Cochrane.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye uwezo, na wageni walikuwa wengi. Inasimuliwa kwamba alikuwa na vyombo vya thamani vya kauri, na wafanyakazi wa ndani walipoviosha, vilimeguka kingo. Akaanza kuviosha mwenyewe. Hapo ndipo alipoonja uchovu wa kazi ambayo wengine walikuwa wakimfanyia kila siku, akaanza kuwaza namna ya kuikabidhi kwa mashine.

Mwaka 1883 mumewe alifariki na kuacha madeni mengi. Josephine alikuwa na miaka 44. Wazo lililoanza kama la kulinda sahani za wageni sasa likawa tegemeo lake la kuishi. Katika banda la kuni nyuma ya nyumba yake alifanya kazi na fundi mmoja wa mitambo aliyeitwa George Butters. Mafundi wengine aliowahi kuwaendea walitaka kufuata mawazo yao kwanza, kwa sababu aliyewaelekeza alikuwa mwanamke asiye na cheti cha ufundi.

Mashine za kuosha vyombo zilikuwa zimejaribiwa kabla yake. Ya kwanza kupata hataza Marekani ilikuwa ya mwaka 1850, nayo ilikuwa ya mbao na ya kuzungushwa kwa mkono. Ilirushia vyombo maji tu, bila kuvitakatisha. Josephine alianza upande mwingine. Alipima sahani, vikombe na visosa, kisha akatengeneza vyumba vya waya vinavyolingana na kila chombo. Vyumba hivyo vilipangwa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu likizunguka, maji ya moto yenye sabuni yalirushwa kwa nguvu kutoka chini. Vyombo vilishikiliwa mahali pake, havikugongana, na uchafu uling'olewa na nguvu ya maji. Kwa hiyo sahani haikuvunjika.

Tarehe 28 Desemba 1886 alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mbunifu. Lakini hati peke yake haimlishi mtu. Ilibidi atafute wanunuzi mwenyewe, akaingia katika hoteli kubwa za Chicago kuongea na wakuu wake, wakati ambao mwanamke kuingia peke yake mahali kama hapo lilikuwa jambo la kutazamwa vibaya. Palmer House ikawa miongoni mwa hoteli za kwanza kununua. Mwaka 1893, katika maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, mashine zake zilitumika kwenye migahawa ya maonesho na zikapata tuzo.

Hoteli, migahawa na hospitali zilinunua. Nyumba za kawaida hazikununua. Bei ilikuwa kubwa, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuendesha mashine. Josephine alifariki Chicago mwaka 1913, kabla mashine hiyo haijaingia kwa wingi katika majiko ya familia. Mwaka 1926 kampuni yake ilinunuliwa na kampuni ya Hobart, na ni katika miaka ya 1950 ndipo familia nyingi za Marekani zilipoanza kuwa nayo.

Kilichozizuia nyumba za wakati ule ndicho cha kukagua leo kabla ya kununua. Mashine ya sasa hupasha maji moto yenyewe, kwa hiyo inakula umeme mwingi na inataka soketi imara. Inahitaji bomba lenye maji yanayotoka kwa nguvu, na mpira wa kutolea maji machafu, ndiyo maana huwekwa karibu na sinki. Kama fleti ni ya kupanga, mwenye nyumba akubali kwanza kabla fundi hajagusa bomba. Na kama maji hukatika mara kwa mara, mashine itabaki kuwa kabati la sahani.

Kwa sisi tulio huku milimani, kuna mawili ya kuchukua kwa mama huyu bila kununua chochote. La kwanza ni maji ya moto: hata birika moja likitengwa kwa ajili ya vyombo vyenye mafuta, sabuni na nguvu za mikono vinapungua. La pili ni kusimamisha sahani kwa ubavu kwenye kichanja badala ya kuzilaza moja juu ya nyingine. Zikisimama maji hutiririka, jua na upepo hupita katikati, na hazigongani.

Na la tatu ni la kujadiliana nyumbani. Josephine aliiona kazi ya vyombo kuwa nzito siku alipoishika kwa mikono yake. Katika nyumba zetu, wangapi bado hawajaishika?