Martin Kayamba, Karani Aliyewakusanya Wenzake

Vijana wetu hapa Mkata husema mara nyingi kwamba hawawezi kuanzisha jambo lo lote kwa sababu hawana cheo wala fedha. Kwa ajili yao naeleza habari za Martin Kayamba, mtu wa Kanisa letu, ambaye jina lake linaanza kusahauliwa.

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwalimu wa Misheni ya UMCA, mtu wa ukoo wa Kimweri wa Usambara. Hao ndio Wakilindi, ambao wazee husimulia kwamba babu yao Mbegha alikuwa mwindaji kutoka huku kwetu Nguu. Angeweza kukaa tu na kujivunia ukoo. Lakini alisoma Kiungani kwa bidii, akawa karani, akafanya kazi Kenya na Uganda.

Vita ilipoanza mwaka 1914 alikuwa katika nchi hii, chini ya Wajerumani. Kwa kuwa alihesabiwa kuwa mtu wa Waingereza, alifungwa pamoja na walimu wengi wa Misheni. Waliteswa sana, mpaka Wabelgiji walipoitwaa Tabora mwaka 1916. Alipotoka kifungoni hakukaa kulia. Alirudi kwenye kalamu yake, akaajiriwa katika ofisi ya serikali Tanga, na baadaye akawa karani mkuu.

Mwaka 1922, hapo Tanga, aliwakusanya makarani na walimu wakaunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Jambo la kuangaliwa ni hili: Wakristo na Waislamu walikaa pamoja humo, na watu wa makabila mbalimbali. Hawakungoja wafadhili. Walikuwa na mahali pa kukutana na kusoma magazeti, na walicheza mpira. Ni mambo madogo, lakini humo walijifunza kuendesha mkutano, kutunza fedha ya wenzao na kusikilizana. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kilianzishwa Dar es Salaam kwa njia hiyo hiyo, na kutoka katika chama hicho ilizaliwa TANU mwaka 1954.

Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge. Waingereza walikuwa wakifikiri kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wetu waliogopa kutawaliwa na masetla wa Kenya. Si jambo jepesi mtumishi kusema mbele ya wakubwa wa mwajiri wake jambo wasilolipenda. Walieleza hofu ya watu wao kwa adabu na bila kuficha. Muungano ule haukufanyika. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo, ili wasiokwenda nao wapate kujua.

Wako waliomlaumu kwamba alipenda mno desturi za Waingereza. Lawama hiyo ina ukweli wake. Hakuwa mpigania uhuru. Alistaafu mwaka 1938, wala hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini alichokijua hakukifanya mali yake peke yake, na hilo ndilo funzo kwetu.

Vijana, elimu yenu ya shule si ya kutafutia kazi tu. Hapa Mkata tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu. Mnacheza nao mpira kila jioni. Je, mmekwisha kukaa nao kupanga jambo moja la faida kwa kijiji? Anayejua hesabu atunze daftari la kikundi kwa uaminifu. Anayejua kusoma awasomee wazee barua zao. Kalamu moja na saa moja kwa juma zinatosha kuanza. Mwenyezi Mungu awape moyo wa kutumikia. Amina.