Askofu Steere na Hadithi za Waswahili

Jina la Askofu Edward Steere hutajwa zaidi panapozungumzwa habari za Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Hiyo ni haki yake. Lakini iko kazi yake nyingine iliyotangulia, isiyo na mawe wala chokaa, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoziwezesha nyingine zote. Kabla ya kuwa askofu, mtu huyu aliketi akasikiliza ngano za watu wa Unguja, akaziandika.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1850, lakini hakudumu na kazi hiyo. Mwaka 1856 aliwekewa mikono kuwa shemasi, na baadaye akapewa parokia ndogo ya mashambani, Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire. Huko alikuwa na rafiki yake, Padre William Tozer. Askofu Mackenzie wa misheni ya UMCA alipofariki huku Afrika mwaka 1862, Tozer alichaguliwa kushika mahali pake, na Steere akakubali kufuatana naye. Mkewe, Mary Beatrice, alibaki Uingereza.

Mwanzo wao ulikuwa mgumu. Walikaa upande wa mto Shire, katika mlima Morambala, penye homa nyingi, hata Askofu Tozer akaamua kuhamia Unguja. Walifika mwishoni mwa Agosti 1864. Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano walionyang'anywa wenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa shule yao yote.

Sasa fikirini hali ilivyokuwa. Watoto wametoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao. Walimu wametoka Uingereza. Na mji unasema Kiswahili. Dakta Krapf alikuwa amekwisha kuandika habari za lugha hii, lakini yeye alijifunza Mombasa, na Kimvita si Kiunguja. Steere akaanza kuuliza majina ya vitu, kama afanyavyo kila mgeni. Aliyepata kufundisha lugha anajua kwamba njia hiyo haifiki mbali. Ukimwuliza mtu neno, atakupa neno moja tupu, tena pengine atalinyosha ili akupendeze. Mwache asimulie hadithi, na hapo atakusahau, atasema kama asemavyo nyumbani kwake. Steere aliligundua jambo hili mapema.

Akawatafuta wasimulizi na walimu. Mmoja alikuwa kijana, Hamisi wa Kayi, mwepesi wa kufahamu mgeni anauliza nini. Mwingine alikuwa Sheikh Mohammed bin Ali. Tena Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Kiislamu, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Tulikumbuke jambo hili tufunguapo Zaburi zetu. Padre alikwenda kwa mashekhe kujifunza, nao hawakumfukuza, ingawa walijua vema amekuja kwa kazi gani.

Steere alijua pia kazi ya kupiga chapa, akawafundisha wavulana kupanga herufi. Hadithi zilizoandikwa zikapigwa chapa papo hapo misheni, zikawa vitabu vyao vya kusomea. Basi watoto waliotolewa utumwani walijifunza kusoma kwa habari za Sungura na Simba, si kwa habari za theluji na mbwa-mwitu. Sisi wengine, miaka mingi baadaye, tulipewa vitabu vya kwanza vyenye theluji.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka London vitabu viwili vilivyomjulisha kwa wataalamu: kimoja cha sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja, na kingine cha hadithi zenyewe, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Ndani yake mna Sultani Darai, habari za maskini aliyeokota thumuni jaani akanunua paa. Paa yule akamwoza bwana wake binti wa Sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akampatia nyumba ya kifalme. Kisha paa akaugua, na bwana akamdharau hata akafa. Asubuhi yake tajiri akaamka yuko jaani, anaparura kama zamani.

Mna Punda wa Dobi, ile ambayo kima aliyepanda mgongo wa papa anaponea kwa kusema moyo wake ameuacha nyumbani. Hadithi hiyo asili yake ni Bara Hindi, imo katika Panchatantra na katika Kalila na Dimna ya Waarabu, ikavuka bahari kwa midomo ya wasafiri. Mna habari za Liongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni. Na mna Goso, mwalimu aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mti, tunda likamwangukia akafa. Wanafunzi wakaenda kumtafuta mwuaji: wakaushika upepo wa kusi, ukawapeleka kwenye kiambaza, kiambaza kwa panya, panya kwa paka, wakaendelea hivyo hata wakamfikia paa, ambaye hakuwa na la kujibu. Ninaipenda hadithi hii kuliko zote. Si kila mwalimu anayetafutiwa haki na wanafunzi wake namna hiyo.

Wako waliodhani kwamba kuandika hadithi za vijiweni ni mchezo usiomfaa padre. Mimi naona vingine. Steere alirudi Unguja mwaka 1872, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874 katika Westminster Abbey, na kazi zikamzidi. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka 1876 aliwapeleka watumwa walioachwa huru bara, wakaanzisha Masasi. Katikati ya hayo yote alifasiri Agano Jipya, na Kiswahili alichokitumia ni kilekile alichokisikia kwa wasimulizi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule zote, vitabu vya Steere vilikuwa vimekwisha kuitengeneza njia hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Uingereza, umri wake miaka 54. Akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Wageni wakifika huonyeshwa pia nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, nao huambiwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati askofu alipokuwa safarini. Kila msimulizi huieleza kwa namna yake.