H. G. Wells: mwandishi aliyepigana vita sakafuni

Ukimwona kijana ameketi chini ya mwembe, simu mkononi, akipanga askari kuzunguka ngome huku akihesabu dhahabu aliyobakiwa nayo, ujue anacheza mchezo wa mbinu. Katika michezo hii mchezaji haongozi mtu mmoja anayekimbia na bunduki. Anaongoza jeshi zima, au mji, au timu ya mpira, na kazi yake kubwa ni kupanga. Wazazi wengi hujiuliza kama michezo ya namna hii inawafundisha watoto kupenda vita. Leo tunamtazama Mwingereza aliyelitolea swali hilo jibu mwaka 1913, kabla hakujawa na kompyuta wala simu za kuchezea.

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 huko Bromley, Uingereza. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyombo lisilolipa, na alikuwa pia mchezaji wa kriketi. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba za matajiri. Akiwa na umri wa miaka 7 alivunjika mguu, na wiki alizolala kitandani akizisoma kwa vitabu ndizo zilizomfanya mpenzi wa kusoma maisha yake yote.

Familia ilipokwama kifedha, kijana huyo alipelekwa kujifunza kazi katika duka la vitambaa mjini Southsea. Alifanya kazi saa 13 kwa siku na aliichukia. Siku moja ya mwaka 1883 alitoka asubuhi, akatembea kwa miguu karibu kilomita 27 hadi nyumba ambayo mama yake alikuwa akitumikia, akamwambia harudi tena dukani. Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusoma sayansi London kwa msaada wa serikali.

Mwaka 1895 alitoa The Time Machine, na mwaka 1898 The War of the Worlds, hadithi ya viumbe kutoka sayari ya Mars wanaoivamia Uingereza. Sisi watu wa redio tunamjua zaidi kwa hadithi hiyo ya pili. Tarehe 30 Oktoba 1938 redio moja ya Marekani iliiigiza kana kwamba ni taarifa ya habari, na baadhi ya wasikilizaji wakadhani uvamizi ni wa kweli. Magazeti ya kesho yake yaliikuza hofu hiyo kuliko ilivyokuwa, lakini hayo tuyaache.

Wells alikuwa na watoto wawili wa kiume, na nyumba yao ya Sandgate, kando ya bahari, ilijaa vinyago. Siku moja baada ya chakula cha mchana, rafiki yake, anayeaminika kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, aliokota mzinga wa kuchezea uliokuwa mezani. Mzinga huo ulikuwa na springi, na ulirusha kijiti kifupi cha mbao kwa shabaha nzuri kiasi kwamba uliweza kumwangusha askari wa kinyago kutoka mita 8 hivi. Rafiki alilenga, akampata askari mmoja. Wazee hao wawili wakaanza kushindana.

Baadaye Wells na wenzake wakatunga sheria. Askari wa miguu alisogea futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga ulipiga mara nne tu kwa zamu, na haukuruhusiwa kupiga kama hapakuwa na askari wake angalau wanne karibu. Muda ulipimwa kwa saa: mwenye jeshi la askari 110 na mizinga mitatu alipewa dakika saba, na zikiisha, asiyesogezwa alibaki palepale. Kabla ya pambano walitundika pazia katikati ya chumba ili kila upande upange jeshi bila kuonwa na mwenzake. Anayecheza kwenye simu atalitambua pazia hilo mara moja: ndilo lile giza linalofunika sehemu ya ramani ambayo askari wako hawajafika.

Hakuwa wa kwanza. Jeshi la Prussia, nchi iliyokuja kuwa sehemu ya Ujerumani, lilikuwa na mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa tangu mwaka 1824. Lakini Wells aliuleta mchezo wake sebuleni, akauandikia kitabu, Little Wars, kilichotoka mwaka 1913. Jalada lilisema ni mchezo wa wavulana wa miaka 12 hadi 150, pamoja na wasichana wale wenye akili zaidi. Wasikilizaji wetu wa kike watajua la kumjibu.

Jibu lake kwa swali la wazazi liko mwishoni mwa kitabu. Alisema kila ofisa wa jeshi aliyecheza naye alichanganyikiwa na sheria hizo nyepesi, na kwamba anayecheza mara tatu au nne ataelewa jinsi vita halisi vilivyo jambo la ovyo, lisilotawalika. Akapendekeza wafalme na wachochezi wote wafungiwe katika jengo moja kubwa, wapigane humo na vinyago, na watu wengine waachwe waishi.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vikubwa vilianza. Na Wells akaviunga mkono! Aliandika kwamba hivi ndivyo vitakavyomaliza vita vyote, na mwaka 1918 akafanya kazi kwa muda katika ofisi ya serikali ya propaganda dhidi ya Ujerumani. Tunaona mchezo wake ulimwelewa adui kuliko alivyomwelewa yeye mwenyewe. Vita hivyo vilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao. Katika sheria za sakafuni hapakuwa na homa wala mzigo kichwani.

Wells aliona matumaini yake ya 1914 yameanguka. Miaka iliyofuata alitetea serikali moja ya dunia, na mwaka 1940 akachapisha kitabu kuhusu haki za binadamu. Katika riwaya ya mwaka 1914 alikuwa ameshaandika juu ya mabomu ya atomu, akayaita kwa jina hilohilo. Aliishi hadi kusikia habari za Hiroshima, akafariki London tarehe 13 Agosti 1946, mwaka mmoja na wiki moja baadaye. Majivu yake yalimwagwa baharini.