Az-Zahrawi: Tabibu aliyekataza meno kung'olewa ovyo

Yapo majina ambayo Waislamu tunayataja kwa fahari kila inapozungumzwa elimu ya tiba. Mojawapo ni la Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Abulcasis. Wengi wanamjua kama baba wa upasuaji. Ni wachache wanaojua kuwa mwanachuoni huyu mkubwa hakuona haya kukaa na mgonjwa na kumkwangua ukoga wa meno. Humo ndimo lilimo funzo letu.

Az-Zahrawi alizaliwa kiasi cha mwaka 936 Miladia huko Andalusia, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Mwaka huo huo Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kujenga Madinat az-Zahra, mji wa kifalme nje kidogo ya Cordoba. Jina la tabibu wetu limetokana na mji huo. Inasimuliwa kuwa alihudumu katika kasri ya Khalifa al-Hakam wa Pili.

Kiasi cha mwaka 1000, baada ya kutibu watu kwa karibu miaka 50, alikamilisha kitabu chake, at-Tasrif, chenye juzuu 30. Juzuu ya mwisho inahusu upasuaji. Humo alichora vifaa vipatavyo 200 ili wanafunzi wake, aliowaita wanawe, wavijue na waweze kuvitumia.

Katika juzuu hiyo alieleza kuwa ukoga mgumu hujikusanya juu ya meno na kati ya meno na fizi, ukayabadilisha rangi na kuziharibu fizi zenyewe. Dawa yake ni kuukwangua. Mgonjwa akae mbele ya tabibu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa tabibu, na kazi ifanywe mpaka usibaki. Usipokwisha siku hiyo, arudi kesho na kesho kutwa. Akachora vikwangulio vya maumbo mbalimbali, kwa kuwa kinachofaa upande wa nje wa jino hakifai upande wa ndani.

Kuhusu kung'oa jino alikuwa mkali. Aliwataka matabibu wasifanye haraka, kwani jino likishatoka halina mbadala wa kulilingana. Alitahadharisha kuwa maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima na kuliacha bovu. Aliwalaumu vinyozi wajinga waliovunja mizizi ya meno na hata taya za watu. Jino lililolegea aliona heri lifungwe kwa uzi wa dhahabu, kwa sababu dhahabu haibadiliki kama fedha.

Mwisho wa umri wake alishuhudia fitna. Waislamu wa Andalusia walipigana wao kwa wao, na Madinat az-Zahra ikaporwa na kuharibiwa. Az-Zahrawi alifariki kiasi cha mwaka 1013. Mji ulibaki magofu, lakini elimu ilibaki hai. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri juzuu ya upasuaji kwa Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaitegemea kwa karne nyingi.

Sasa tujiulize, ndugu msomaji: Ulaya walichukua elimu ile, sisi tumebaki na nini? Tunajisifu kwa jina lake huku tukingoja jino liume ndipo tutafute wa kuling'oa. Mtume wetu (s.a.w.) alisisitiza mswaki kiasi cha kukaribia kuuamrisha kwa kila swala, lau si kuchelea kuutia umma wake uzito. Lakini wangapi miongoni mwetu hulala bila kusafisha kinywa?

Leo Mwenyezi Mungu ametuwepesishia. Tunayo dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino lisioze. Lakini nayo ina adabu zake. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala, kwa muda wa dakika mbili. Usisugue kwa nguvu, kwani fizi huumia. Tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi papo hapo, maana utaiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 atosheke na dawa kiasi cha punje ya njegere, aliye chini ya hapo kiasi cha punje ya mchele, na mzazi asimame naye ili asiimeze.

Tena tusidanganyike kuwa dawa ya meno hutibu kila kitu. Ukoga ukishakuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Hapo anatakiwa daktari na kikwangulio, kama alivyofundisha az-Zahrawi miaka elfu moja iliyopita. Kumuenzi mwanachuoni huyu si kulitaja jina lake tu, bali ni kuifanyia kazi elimu yake, kuanzia usiku wa leo kabla ya kulala.

Wallahu a'lam.